Nyimbo Tisa Bila Mtungi

Karakanani, Jumatano 10 Juni

Shemeji Filimbi,

Nimepoteza nyimbo tisa. Nilizipoteza jana Jumanne, saa nne na robo asubuhi, ndani ya karakana yangu mwenyewe, mbele ya wafanyakazi kumi na wanne na mteja aliyekuja kuulizia geti.

Albamu ilifika na basi la vifurushi. Nikasimamisha mashine zote, jambo ambalo sikulifanya hata siku mama mkwe alipokuja kuniona. Nikawaambia vijana, kaeni, leo mtamsikia bosi wenu akibembeleza. Nikaipiga kwenye spika kubwa. Wimbo wa kwanza ukaanza: wewe juu, dada yangu katikati, na chini kuna mtu. Mchomeleaji wangu mzee, aliyenisikia nikiimba humu miaka kumi na tisa, akaniuliza, "Bosi, huyu wa chini ni nani?" Nikamwambia ni mimi. Akasema, "Sawa, bosi," kama anavyokubaliwa mlevi.

Tangu jana nimeisikiliza mara sita. Nyimbo kumi na moja, dakika arobaini na saba. Nilizorekodi studio ni kumi na moja. Ninazosikika ni mbili, wa nne na wa tisa, na humo kote siimbi, naongea tu: "Mpenzi, sogea hapa, tuhesabu miaka." Kwenye tisa zilizobaki kuna kijana. Usiniambie si kijana. Pumzi yake ndefu mno, na anaimba mapenzi kama mtu ambaye hajawahi kurudi nyumbani akakuta sahani yake imefunikwa, mke amelala bila kusema naye.

Pesa siongelei. Mgawo wangu ulifika wote, asante. Naongelea siku sita nilizofunga karakana, kilomita mia na arobaini kuja huko na mia na arobaini kurudi, ili mnivushe mlango wa mbele na kunitoa kwa mlango wa nyuma. Pumzi Tatu ina miaka thelathini na minne. Tumekaa miaka kumi na mitano bila kurekodi, na nani alisema turudi na albamu ya mapenzi tupu, ya watu wazima? Mimi. Jina *Tumezeeka Pamoja* alilitoa nani? Mimi. Leo tumezeeka wawili, na mmoja amepata ujana wa kukodi.

Mke wangu alisikiliza nyimbo mbili, akainuka, akaenda jikoni kulia. Miaka thelathini na mbili ya ndoa, mara ya mwisho kumwona akilia tulikuwa tunazika. Unaona mlichomfanyia?

Ni nani huyo? Usinipigie simu. Unajua mimi na simu hatupatani. Siku hizi kila mtu anamung'unya. Andika.

Mtungi


Jumapili 14 Juni

Shemeji Mtungi,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa sababu ilinikuta namkatia mteja koti, na nikaharibu mkono wa kushoto. Kwa hiyo tuna hasara sote wawili.

Nakuapia kwa kaburi la mama: hatukumwajiri mtu. Hakuna kijana, hakuna wa kukodi. Aliyeingia studio ni mimi, wewe na dada yako, basi. Fundi mitambo amesafisha sauti, kama wanavyosafisha zote. Mashine za siku hizi zinanyoosha mtu kama pasi. Hata mimi nilipojisikia nilidhani nimepungua kilo kumi.

Tafadhali usiwe na moyo mdogo, mtu mwenye kifua kama hicho. Albamu inapendwa. Jana mama mmoja aliingia dukani kwangu kushona sare, akaniambia amempigia mumewe wimbo wa pili, na mumewe akazima televisheni bila kuombwa. Shemeji, sisi ndio tumefanya hivyo.

Uzinduzi ni Jumamosi tarehe 11 Julai. Njoo wiki moja mapema tufanye mazoezi. Na kama ni lazima umkasirikie mtu, nikasirikie mimi, mwache dada yako. Mimi nimeshazoea, wewe ulinikasirikia tangu siku nilipoleta barua ya posa.

Filimbi


Alhamisi 18 Juni

Shemeji,

Nakuuliza jina, unaniletea pasi na sare za mama wa watu.

Jumatatu nilikwenda studio bila taarifa. Fundi mitambo aliponiona alishika kikombe cha chai kama ngao. Nikamuuliza mara tatu ni nani anayeimba chini. Mara ya kwanza alimung'unya, mara ya pili alimung'unya akitazama viatu vyangu, mara ya tatu akaniandikia kwenye karatasi: "Mzee, waulize wa nyumbani kwako." Karatasi ninayo. Mtu asiye na la kuficha haandiki "waulize wa nyumbani."

Sasa nikwambie nililolinyamazia miaka miwili kwa sababu ya heshima. Mimi sikuharibu kitu. Nyinyi ndio mnaoshuka. Arusi ile ya mwezi wa pili tulianza wimbo mahali pake, tukaumaliza chini kabisa. Mpiga kinanda akaacha kupiga, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Nilikutazama, ukatabasamu. Nikamtazama mkeo, mdogo wangu, akatazama dari. Nikasema moyoni, wamezeeka hawa, niwasitiri. Mara nane mwaka jana, mara tano mwaka huu, ninazo kwenye daftari. Kumbe wakati nawasitiri nyinyi mlikuwa mnatafuta wa kunibadilisha. Nyani haoni kundule.

Jumamosi saa tisa redio imenialika nizungumzie albamu. Nilitaka kuzungumzia mapenzi. Nitazungumzia hili.

Mtungi


Jumapili 21 Juni

Kaka,

Nimekusikia redioni. Nimekusikia nikiwa saluni, kichwa ndani ya beseni, na wanawake saba wanaojua mimi ni nani. Umesema mimi na mume wangu tumekodi kijana "mwenye sauti ya kujipendekeza, asiyejua hata mlango wa nyumba ya mapenzi unafungukia upande gani." Wakacheka. Mtangazaji akakuuliza umemjuaje mkeo, ukamjibu habari za mageti. Akarudia swali, ukamjibu bei ya kioo. Wakacheka tena. Mimi sikucheka.

Ningekwambia mwezi wa nne, tulipotoka studio, haya yasingetokea. Nimechelewa, na aibu ya kuchelewa ni yangu, si ya Filimbi. Yeye alitaka kusema. Nilimkataza mimi.

Kaka, kijana uliyemtukana ni wewe.

Unazikumbuka kaseti za mazoezi, tulizokuwa tunarekodi sebuleni kwa mama? Ninazo kumi na sita. Ulikuwa na miaka ishirini na saba. Kwenye nne kati ya hizo umeachwa peke yako na kinasa sauti, unafanya zoezi la sauti, "mmm" na "uuu," kutoka juu mpaka chini, saa nzima. Sauti ya chini katika nyimbo zetu haina maneno, wewe mwenyewe hulalamika kwamba miaka yote hii unalipwa kwa kuguna. Basi mimi na fundi mitambo tulikaa siku tano tunakata miguno yako ya zamani, kipande kwa kipande, tunaipanga chini ya nyimbo mpya. Maneno ya kuongea tuliyaacha ya sasa, kwa sababu kuongea hakuhitaji kushika noti.

Kwa nini tulifanya hivyo? Kwa sababu husikii, kaka.

Sheria ya kwanza ya Pumzi Tatu uliitunga wewe, usiku ule Filimbi alipopanda jukwaani na homa: akipotea mmoja, wote tumfuate, asiachwe peke yake mbele ya watu. Basi miaka miwili tumekufuata. Ukishuka tunashuka nawe. Zile arusi kumi na tatu za kwenye daftari lako, aliyeanza kushuka ni wewe, kila mara, na wewe ukatusamehe.

Studio haikutupa nafasi hiyo. Kila mtu ndani ya chumba chake cha kioo, na piano imesharekodiwa. Piano haimfuati mtu. Wimbo wa pili uliurudia mara thelathini na nne. Mara thelathini na nne ulikuwa chini ya piano, umefumba macho, unatabasamu, unampenda mtu. Nikabonyeza kitufe cha kuongea nawe nikakwambia, "Safi sana, kaka, hiyo ndiyo." Nimekwambia "hiyo ndiyo" katika nyimbo tisa. Kila nikiinua kidole kutoka kwenye kitufe, fundi mitambo alikuwa ananitazama, na mimi natazama ukuta.

Nilishindwa kukwambia. Umenilea tangu baba alipoondoka. Umenilipia shule kwa kuchomelea vitanda. Nitaanzia wapi kukwambia huwezi? Nikaona heri nikuibie kwa siri nikurudishie kilicho chako. Nilidhani utajitambua. Hilo ndilo kosa langu kubwa: nilidhani utasikia ufurahi.

Hata wifi ameona jambo. Aliniambia tangu zamani kwamba hakuiti tena kutoka chumba kingine, anakuja kukugusa bega kwanza.

Usimpige Filimbi kwa maneno tena. Nipige mimi.

Mdogo wako


Jumamosi 27 Juni

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumatatu. Sikuijibu kwa sababu niliitafutia kosa siku nzima, kama ninavyokagua ankara ya muuza vyuma. Sikulipata.

Jumanne nilimuuliza mke wangu, tangu lini? Akasema tangu binti wa mwisho aolewe. Miaka minne. Nikamuuliza, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Nilidhani unasikia, ila umeamua kunyamaza. Una tabia hiyo." Kwa hiyo kwa miaka minne mama wa watu ameishi na mtu anayedhani amemnunia. Na mimi nilikuwa nikijisifu kwa wenzangu kwamba mke wangu siku hizi hana maneno mengi.

Nikamuuliza, siku ile ulilia nini jikoni? Akanitazama kama anayemtazama mtoto. "Nilikusikia wewe," akasema. "Wewe wa sebuleni kwa mama yako. Nilikuwa nakaa jikoni kule, najifanya naosha vyombo, kumbe vilikuwa visafi." Alinitambua kabla wimbo wa kwanza haujafika katikati. Mke wangu amenitambua, mchomeleaji ametambua kwamba si mimi wa leo, na mimi mwenye sauti nimesimama katikati nikimtafuta mwizi.

Alhamisi nilikwenda kwa daktari wa masikio. Alinifungia kwenye kisanduku akaniambia ninyooshe kidole kila nikisikia mlio. Nilinyoosha mara kumi na moja. Ilipigwa milio arobaini. Nilikuwa nikisubiri aanze, kumbe alikuwa ameshamaliza. Sikio la kulia limebaki nusu, la kushoto halifiki theluthi. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nakata vyuma, karibu miaka arobaini. Akauliza kama karakanani kuna vifuniko vya masikio. Nikamwambia viko, jozi kumi na nne, na asiyevaa namkata nusu siku. Akauliza, "Na vyako?" Nikasema bosi lazima amsikie mteja.

Akaandika. Aliandika muda mrefu.

Usiku wa kuamkia leo niliweka sikio la kulia juu ya spika kabisa, nikamsikiliza yule kijana. Kweli anajipendekeza. Ana miaka ishirini na saba na kuna msichana jikoni. Nilimtukana mbele ya watu wote, na hakuwa na kosa ila kuimba vizuri kuliko mimi.

Hiyo "safi sana" nimekusamehe. Ila usiniambie tena neno hilo mpaka nife. Kila nikilikumbuka nasikia moto usoni, si kwa sababu ulidanganya, ni kwa sababu nililiamini mara tisa na kila mara nikakuambia, "Najua."

Kaka yako


Jumanne 30 Juni

Shemeji yangu,

Mke wangu amenisomea barua yako mezani na tukashindwa kula.

Niliapa kwa kaburi la mama kwamba hatukukodi mtu. Sikusema uongo, lakini nilichagua kiapo kama anavyochagua kitambaa mtu mwenye doa la kuficha. Naona haya. Na kwa kuwa leo ni siku ya kuona haya, ongeza na hili: katika wimbo wa saba ile noti ya juu, inayowafanya watu waseme Filimbi hajazeeka, niliifikia kwa robo tatu tu. Fundi mitambo aliisukuma. Kwa hiyo tuko wawili, ila mimi sijatukanwa redioni na mtu yeyote, hata na mimi mwenyewe.

Sasa tuongee kama watu wazima. Yaliyosemwa redioni acha yafe yenyewe, watu husahau. Tiketi za uzinduzi zimeisha, viti mia tatu na ishirini. Waandaaji wanasema watapiga kanda nyuma yetu, kama wafanyavyo wengi. Wewe simama katikati na suti, fumbua mdomo, sema yale maneno ya wimbo wa nne na wa tisa kwa sauti yako halisi, na kwingine mwache kijana afanye kazi. Hakuna atakayejua, na wala si wizi. Ni sauti yako.

Suti nimeshaikata. Nimeongeza tumboni bila kuulizwa.

Filimbi


Jumapili 5 Julai

Shemeji Filimbi,

Suti ije. Tumboni umekadiria sawa.

Kufumbua mdomo, hapana. Nimelifikiria siku nne, nikalipima kila upande kama geti la tajiri. Watu mia tatu na ishirini wamekata tiketi kuja kusikia watu walioimba mapenzi wakiwa vijana na bado wanayaimba. Nikisimama pale nafumbua mdomo chini ya sauti ya miaka ishirini na saba, nitakuwa ndiye yule wa kukodi niliyemtangaza redioni. Na mke wangu atakuwa kiti cha mbele. Yeye alimsikia yule kijana bure, tena bila jukwaa. Siwezi kumwigizia.

Mambo yaliyofanyika tangu Jumatatu ni haya. Nimepewa vifaa viwili vya masikio. Siku ya kwanza nilisikia friji, nikadhani kuna mtu ndani ya nyumba. Siku ya pili nilimsikia mke wangu akiongea peke yake chumbani, na alikuwa anaongea kuhusu mimi, nikaona nirudi nje. Siku ya tatu nikaanza kuimba. Nimeimba wimbo wa pili juu ya piano ile ile ya studio, mara ishirini, na binti yangu mkubwa, anayefundisha watoto muziki, ndiye mwamuzi. Nilimwonya asinipe hata moja ya huruma. Mara saba nilishuka. Mara kumi na tatu nilikaa mahali pake. Sauti yenyewe si ile. Imekwaruza, na pumzi inakatika kabla ya mwisho wa mstari, nalazimika kuchukua nyingine katikati. Tatu za mwisho nimezirekodi, bila kusafishwa. Flashi imo ndani ya bahasha hii.

Sheria ile ya kwanza naifuta. Niliitunga kwa ajili ya homa ya usiku mmoja. Mmeibeba miaka miwili kwa ajili yangu, mkaharibu arusi kumi na tatu za watu ili mimi nisione haya, na mimi nikawaandika daftarini kuwa mmezeeka. Nimelirarua daftari. Nikishuka tarehe 11, msinifuate. Kaeni kwenye noti yenu, mniache chini peke yangu hadi nipande mwenyewe, watu wasikie kila kitu.

Redio nimeomba nafasi tena, Alhamisi saa saba mchana. Nitasema jina la yule kijana. Nitasema ni mimi, kwamba sisikii na sikujua kwamba sisikii, na kwamba niliwachafua dada yangu na mumewe kwa kosa la kunipenda kijinga. Sitaki mje kunisaidia kusema. Mtangazaji ameahidi kuniandikia maswali.

Baada ya hapo ataniuliza nani ataimba sauti ya chini Jumamosi, na sitaki kumjibu kwa kubahatisha. Kwa hiyo isikilizeni flashi, wewe na mdogo wangu, pamoja, mara moja tu. Kama haifai nitakaa kiti cha mbele na mke wangu, mtaimba wawili, na nitapiga makofi kwa mikono yote miwili. Kama inafaa nitasimama. Usinieleze habari ya umri, wala mashine, wala mama yeyote wa kushona sare. Usiniambie niamue mwenyewe. Nimeshaamua mara nyingi mno bila kusikia. Andika neno moja, *inafaa* au *haifai*, mtie sahihi wote wawili, na liwe mkononi mwangu kabla ya Alhamisi saa sita kamili mchana.

Mtungi